Kabla Hamjauza Shamba, Muulizeni Kaka

Dada yangu wa Terrat,

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Kuna mahali nilitaka kukushika mkono, na kuna mahali nilitaka kukuvuta sikio kidogo.

Unasema kaka yako alikuwa dereva wa bodaboda, akagongwa na lori, uti wa mgongo ukaumia, na huu ni mwaka wa tatu yuko kwenye kiti mwendo. Umeona video kwenye simu: mtu aliyepooza anavishwa vyuma vyenye mota miguuni, anainuka, anatembea. Amejitokeza bwana mmoja anayesema atakuletea kifaa hicho kutoka Uchina kwa shilingi milioni 4, nusu umpe kwanza. Jumapili ukoo unakaa kuamua kuuza kipande cha shamba. Huli, hulali, unahofia kwamba msipouza mtakuwa mmemnyima kaka maisha.

Video haikukudanganya. Mashine hizo zipo, na mimi mwenyewe hufurahi kila nikiona mtu akisimama ndani yake. Mojawapo inaitwa ReWalk. Aliyeibuni ni Amit Goffer, mhandisi wa Israeli aliyepooza baada ya ajali mwaka 1997. Mota zinakaa usawa wa nyonga na magoti. Mvaaji akiinamisha kifua mbele, mashine inahisi na kuutupa mguu hatua moja. Mwaka 2012 Mwingereza Claire Lomas, aliyepooza kuanzia kifuani kwenda chini, alimaliza marathoni ya London akiwa ameivaa. Ilimchukua zaidi ya wiki mbili, na safari yote alikuwa na magongo mikononi.

Magongo hayo yaangalie vizuri ukiirudia video yako. Miguu inasogezwa na mota, lakini kujizuia usianguke ni kazi ya mikono na mabega. Ndiyo maana Goffer mwenyewe hakuweza kutembea na mashine yake: ajali ilikuwa imemlegeza hata mikono. Unajua alifanya nini baadaye? Akabuni kiti mwendo kinachomwinua mtu akasimama. Nakuomba ulitafakari hilo, maana kwenye barua yako kiti cha kaka umekiita "mzigo wa aibu". Si aibu, dada. Ndicho kinachomtoa kitandani kila asubuhi.

Sasa yule bwana wa milioni 4. Vipo vifaa vyepesi vya kufunga kiunoni na mapajani, na bei yake haiko mbali na hiyo. Kule Uchina, kwenye mlima Tai, tangu mwaka 2025 watalii hukodishiwa vifaa hivyo wakapanda ngazi bila kuchoka sana. Lakini vinamsaidia mtu ambaye miguu yake tayari inatembea. Kaka yako havitamsimamisha, na akilazimishwa, vitamwangusha. Mashine ya mtu aliyepooza kama ReWalk inauzwa zaidi ya dola 70,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 170. Basi usimpe hata senti. Kama ameshachukua chochote, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukiwa na ujumbe wake wa simu na kumbukumbu za muamala.

Hata fedha zingekuwepo, mwili una masharti yake. Miguu iliyokaa miaka bila kubeba uzito, mifupa yake hudhoofika, na mtu asiyehisi miguu anaweza kuvunjika asijue. Magoti na nyonga yakishakakamaa, mashine haiwezi kuyanyoosha. Ngozi ikiwa na kidonda, hakuna kufunga mikanda. Marekani walipoiruhusu ReWalk itumike nyumbani mwaka 2014, walitaka awepo mtu aliyefunzwa kando ya mvaaji, na wakakataza ngazi na michezo. Nikifikiria njia zenu za mtaani masika yakianza, naona kifaa cha milioni 170 kikibaki ndani ya chumba.

Na hapa ndipo ninapotaka kukuvuta sikio. Umeandika kurasa tatu. Nimejua mama anavyolia, nimejua shangazi anavyosema, nimejua bei ya kiwanja jirani. Kaka anataka nini, hakuna. Huenda anaota kutembea. Huenda anachotaka ni choo anachoweza kuingia bila kubebwa na mdogo wake, au kufika kijiweni Kwa Mrombo kukaa na madereva wenzake, au mtaji wa kufungua duka la vipuri vya pikipiki. Najua unampenda, hilo limejaa kila mstari. Lakini mmemhurumia mpaka mmesahau kumuuliza, na mwanamume aliyekuwa akilisha nyumba hilo linamuuma kuliko mgongo.

Milioni hizo mnazozitafuta zina kazi karibu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kipo chuo cha TATCOT, ambacho tangu 1981 kinafundisha mafundi sanifu wa viungo bandia na vyuma vya miguu. Hospitali hiyo ina wataalamu wa mazoezi tiba watakaompima na kumwambia ukweli kama anaweza kusimama kwa vyuma vya kawaida na magongo. Kusimama kidogo kila siku kuna faida hata bila roboti. Na hapa hapa Arusha kuna Kyaro, wanaotengeneza viti mwendo. Kiti cha kaka ulichosema kinamchubua kibadilishwe kwanza, kabla mchubuko haujawa kidonda. Hilo lisisubiri kikao.

Jumapili fanyieni kikao kwenye nyumba ambayo kiti chake kinapita mlangoni, si kwa baba mdogo kwenye ngazi. Mwambie mwenyekiti ampe kaka nafasi ya kwanza ya kusema, na mumsikilize mpaka amalize, hata kama atasema shamba lisiuzwe.