Dondoo muhimu: Kompyuta tulivu katika vumbi la Mandewa

Kiangazi cha Mandewa, Singida, huja na upepo na vumbi, kwa hiyo anza na wavu mwembamba kwenye matundu ya kuingizia hewa, unaotoka ukaoshwa. Feni za kuingiza zizidi za kutoa. Hewa itapita kwenye wavu badala ya kunyonywa kwenye kila upenyo wa kasha.

Kisha kelele. Feni ya pini nne huongozwa kwa mipigo ya umeme (PWM). Ya pini tatu hupunguzwa kasi kwa kushusha volti chini ya 12, na ukizishusha mno haianzi kuzunguka. Chagua hali inayolingana nayo ndani ya BIOS, halafu upange: asilimia 30 hivi mpaka prosesa ifike nyuzi 50, ipande taratibu, ifike 100 kwenye nyuzi 80. Ongeza ucheleweshaji wa sekunde chache. Kinachoudhi sikio si mvumo wenyewe, ni feni kupaa na kushuka kila unapofungua faili.

Pesa ikiruhusu, nunua feni ya milimita 140: hupeleka hewa nyingi bila kukimbia. Ukipuliza vumbi, zima umeme na ushike mapanga yasizunguke.