Ukiona 777 kwenye tovuti yako, itoe leo

Wafanyabiashara wenzangu, kama duka lako la mtandaoni linatumia WordPress, tenga dakika kumi tukague milango. Siyo mpaka uwe fundi, mimi mwenyewe nimejifunza hukuhuku mtandaoni.

Kila faili kwenye seva lina mwenyewe, lina kundi lake, halafu kuna wengine wote. Ndiyo maana ruhusa zinaandikwa kwa tarakimu tatu: ya kwanza ya mwenyewe, ya pili ya kundi, ya tatu ya wengine.

Hesabu yake ni ya kujumlisha tu. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Kwa folda, hiyo 1 ni kuingia ndani. Kwa hiyo 7 ni vyote, 6 ni kusoma na kuandika, 5 ni kusoma na kuendesha.

Sasa 777 ni nini? Ni kumpa hadi mpita njia funguo za duka na za droo ya pesa. Na seva za bei nafuu tunakaa wengi. Akaunti ya jirani ikidukuliwa na ikafika kwenye faili lako, inaweza kulibadilisha.

Mimi naweka hivi:

✅ Folda: 755
✅ Mafaili: 644
✅ wp-config.php: 600. Humu ndimo ilimo nywila ya kanzidata, yaani oda na namba za simu za wateja wako. Tovuti ikigoma, jaribu 640.

Kwenye cPanel fungua File Manager, angalia safu ya Permissions.

Fundi akikwambia "weka 777 tu, itakubali", muulize kwanza: mwenye faili ni nani? Wakati mwingine faili lilipakiwa kwa akaunti ya root, ndiyo maana tovuti inashindwa kuliandika. Dawa ni kurudisha umiliki kwa akaunti yako kwa amri ya chown. Kama huna uwezo huo, waandikie wanaokuhifadhia tovuti, wakufanyie.

Na msaidizi wako mpe akaunti yake, asitumie yako. Siku akiacha kazi, unafuta ya kwake na duka linaendelea.

Haya, ingia ukague sasa hivi, kisha mtumie na mwenzako mwenye tovuti. 🙏