Kupamba Shimesikio: Mambo Yanayofaa na Yasiyofaa

Katika kiwanda cha karatasi cha Mgololo, wilayani Mufindi, magogo ya misindano kutoka msitu wa kupandwa wa Sao Hill hukatwa vipande vidogo kabla ya kupikwa kwa dawa ili kupata rojo la karatasi. Popote duniani kazi hiyo ina kelele: mashine ya kukatia magogo huvuka kwa urahisi desibeli 90. Kipimo cha desibeli kina hila yake. Kila zinapoongezeka desibeli 3, nishati ya sauti huwa maradufu. Kwa kanuni hiyo, mtu anayeruhusiwa kukaa saa 8 penye desibeli 85, penye desibeli 88 hukaa saa 4, na penye 91 saa 2 tu. Akizidisha kwa miaka mingi bila kuyakinga masikio, chembe za usikivu zilizomo ndani kabisa ya sikio hufa, wala haziotі tena.

Mtu wa namna hiyo, sawa na mtoto aliyezaliwa na usikivu hafifu, huweza kusaidiwa na shimesikio. Maikrofoni ndogo hupokea sauti na kuigeuza kuwa umeme. Kikuzasauti huuongezea nguvu umeme huo. Spika huurudisha kuwa sauti na kuipeleka sikioni. Ubongo nao huhitaji wiki kadhaa kuzizoea sauti hizo mpya. Hapo ndipo penye tatizo. Mvaaji aonaye haya huivua shimesikio mbele ya watu, yaani saa ileile anayoihitaji, na chombo kilichomo mfukoni hakimsaidii mtu.

Haya hiyo ni ya zamani. Mwaka 1819 kampuni ya F. C. Rein ya London ilimtengenezea João VI, mfalme wa Ureno, kiti ambacho mikono yake ilichongwa kama simba waliofumbua vinywa. Sauti ya msemaji iliingia vinywani mwa simba na kufika sikioni kwa mrija. Transista zilipoanza kutumika katika shimesikio mwaka 1952, vyombo vilizidi kuwa vidogo, na vingi vikapewa rangi iliyoitwa ya ngozi. Ngozi hiyo ilikuwa ya Mzungu. Nyuma ya sikio la Mhehe rangi hiyo haifichi kitu, na uzuri wake pia hauonekani.

Basi wavaaji wengi, hasa watoto na vijana, wameacha kuficha. Huchagua chombo chekundu au cha zambarau, hubandika picha, huning'iniza shanga. Jambo hili si geni kwetu kama linavyodhaniwa: wanawake wa pwani walivaa majasi, na Wagogo na Wamasai walipanua ndewe zao ili zibebe mapambo. Miwani nayo ni chombo cha tiba, lakini hakuna anayeshangaa mtu akichagua fremu impendezayo.

Hata hivyo, pambo lazima liheshimu kazi ya chombo. Matundu ya maikrofoni yasifunikwe. Tone moja la rangi laweza kuyaziba. Betri nyingi za shimesikio ni za zinki na hewa: hupata oksijeni kupitia vitundu vidogo, hivyo mlango wa betri ukibandikwa karatasi ya gundi, chombo huweza kunyamaza. Asetoni, iliyomo katika baadhi ya dawa za kuondoa rangi ya kucha, huyeyusha aina nyingi za plastiki. Shanga zinazogongana ni balaa jingine, kwa kuwa maikrofoni iliyo karibu nazo hukuza mlio wake kabla ya maneno ya mwalimu. Kwa mtoto mdogo zisitumike kabisa, maana huweza kumezwa, na betri ikimezwa ni hatari zaidi. Alama nyekundu ya sikio la kulia na ya buluu ya sikio la kushoto ziachwe zionekane.

Mahali pazuri pa rangi ni kile kipande cha plastiki kinachofinyangwa kwa umbo la sikio la mvaaji. Rangi huchanganywa humo tangu mwanzo, hivyo haibanduki, na mtoto anapokua sharti kitengenezwe kingine. Kila mara huchagua rangi upya.

Ukungu wa Mufindi huleta unyevu, na pambo lililofungwa kwa uzi wa pamba huufyonza. Jioni uzi huo hufunguliwa, na chombo hulazwa katika kopo kavu lenye kifuniko, mlango wa betri ukiwa wazi.