Unafunga kampuni ya vifaranga? Laini ya simu iwe ya mwisho

Ndugu mfugaji, kufunga kampuni si kufunga mlango wa banda tu. Kikundi kimoja nilichokuwa nakihudumia kiliacha kuuza vifaranga, laini ya ofisi wakaitupa kabatini. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inafungwa, na namba anaweza kupewa mtu mwingine. Ndivyo ilivyokuwa. Wateja wa zamani waliendelea kutuma advansi kwenye namba iliyoandikwa ubavuni mwa gari, pesa ikaenda kwa mtu asiyefuga hata kuku mmoja. Lawama zikarudi kwa kikundi.

Lakini usikimbilie kuifunga pia. Namba hiyo ndiyo inayopokea ujumbe wa uthibitisho kutoka benki na TRA. Ukiifunga mapema, hata kuingia kwenye akaunti yako utashindwa. Maliza kwanza mambo ya kodi na benki, au wape namba nyingine. Kisha toa salio lote kwenye Lipa Namba, ndipo uombe ifungwe. Ukiambiwa "acha tu, itajifunga yenyewe," usikubali.

Intaneti ya ofisi nayo ina mkataba. Kuchomoa waya hakusimamishi bili, bwana! Soma muda wa notisi, peleka barua, baki na nakala iliyogongwa muhuri. Ruta kama ni yao, irudishe upewe risiti.

Namba kwenye gari na mabango ipakwe rangi. Wenye oda ambazo hamjazitimiza warudishieni pesa laini ikiwa bado hai, maana watapiga kuuliza.