Macho Makavu Wakati wa Kipupwe: Somo kutoka Nyanda za Juu za Ufipa

Mtu asafiriye kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga mnamo mwezi wa Julai au Agosti hukuta nchi iliyo wazi, yenye nyasi zilizokauka, miti michache, na upepo wa kusini-mashariki usiokuwa na kizuizi. Mvua hukoma Aprili au mwanzoni mwa Mei, wala hazirudi mpaka Novemba. Wakati huo mahindi, maharage na ulezi vimekwisha kuvunwa. Watu hupura na kupepeta, matofali huchomwa, na majumbani moto wa kuni hukokwa mapema kwa sababu ya baridi. Ndiyo majira ambayo mwanafunzi anaweza kulalamika darasani kwamba macho yanamwasha, yanachoma kana kwamba yametiwa mchanga, na, ajabu ya mambo, yanamtoka machozi.

Je, jicho linalotoka machozi laweza kuitwa kavu? Laweza. Ili kulielewa jambo hili hatuna budi kuanza na machozi yenyewe, ambayo wengi wetu huyafikiria pale tu mtu anapolia.

Utando wa machozi

Uso wa mbele wa jicho, hasa ule mduara angavu uitwao konea au kioo cha jicho, hauna mishipa ya damu. Chembe hai zake za juu hupata oksijeni kutoka hewani kwa kupitia utando wa machozi ulioenea juu yake daima. Utando huo una unene wa kiasi cha milimita 0.003 tu. Karatasi ya daftari, ambayo unene wake ni kama milimita 0.1, ni nene kuliko utando huo zaidi ya mara thelathini.

Hata hivyo utando huu si maji matupu. Chini kabisa, ukishikamana na konea, kuna ute unaoyafanya maji yatandae badala ya kujikusanya matone matone kama yafanyavyo juu ya jani la muhogo. Katikati ndipo penye maji yenyewe, yaliyo na chumvi na vitu vinavyopambana na vijidudu. Kimojawapo, lisozimu, kilielezwa na Alexander Fleming mwaka 1922, miaka kadhaa kabla hajaigundua penisilini. Juu kabisa kuna tabaka jembamba mno la mafuta. Mafuta hayo hutoka katika tezi zilizopangwa safu kando ya kope, zipatazo kama thelathini katika kope ya juu na pungufu kidogo katika ile ya chini. Huitwa tezi za Meibom, kwa jina la mganga wa Kijerumani aliyezieleza mwaka 1666. Kazi ya mafuta ni kuyazuia maji yasivukizwe upesi, kama vile mafuta yaliyotanda juu ya mchuzi yanavyouzuia usipoe haraka.

Kila tunapopepesa macho, kope huutandaza utando upya. Mtu aliyetulia hupepesa kiasi cha mara 15 kwa dakika. Anaposoma kitabu, na hasa anapoikodolea macho simu ya mkononi au kompyuta, hesabu hiyo huweza kushuka hata nusu au chini ya nusu. Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani bila gharama yoyote: wanafunzi wakae wawili wawili, mmoja asome, na mwenzake amhesabie mapepeso kwa dakika mbili bila ya msomaji kuarifiwa kinachohesabiwa. Akiarifiwa, jaribio limeharibika.

Hewa yenye kiu

Sumbawanga iko kwenye kimo cha kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kipupwe huwa wa baridi sana, na mchana jua huwa kali. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme alfajiri hewa ina nyuzi 10 za Selsiasi nayo imeshiba mvuke kabisa, kiasi cha kuacha umande juu ya nyasi. Katika nyuzi hizo meta moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9.4 za mvuke. Kufikia saa nane mchana hewa ile ile imepata joto la nyuzi 25, ambapo ingeweza kubeba gramu 23. Ikiwa haikuongezewa mvuke wowote njiani, basi unyevu wake ni 9.4 gawanya kwa 23, yaani asilimia 41 tu ya kile inachoweza kubeba. Hewa haikupoteza hata gramu moja ya maji. Imepata kiu kwa sababu ya joto peke yake.

Uso wa jicho nao una joto la kiasi cha nyuzi 34, na hewa inayougusa, ikiwa imeshiba, hubeba karibu gramu 38 kwa meta ya ujazo. Tofauti baina ya 38 na 9.4 ndiyo inayoyavuta machozi yatoke jichoni kwenda hewani. Mtu wa Dar es Salaam, ambako hewa ya mchana yenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70 hubeba kama gramu 21, ana tofauti ya gramu 17 tu. Aidha, katika kimo cha Ufipa kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya pwani, na katika hewa nyepesi mvuke husambaa kwa wepesi zaidi, takriban kwa robo. Upepo nao huiondoa hewa iliyokwisha kupata unyevu mbele ya jicho na kuleta nyingine kavu.

Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwakuta watu wakilalamikia macho makavu katikati ya theluji. Sababu ilikuwa hiyo hiyo: hewa ya baridi iliingizwa ndani ya nyumba ikapashwa moto bila kuongezewa mvuke. Fizikia haijali kama ni Sumbawanga au Ulaya.

Mfano wa maziwa mawili

Wakazi wa Ufipa wamejaliwa mfano bora wa yale yanayotokea baadaye. Upande wa magharibi wa uwanda wao kuna Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hutoka kwa Mto Lukuga hadi Kongo. Maji yake ni matamu. Upande wa mashariki, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, kuna Ziwa Rukwa. Mito kama Momba na Songwe huingia humo, lakini hakuna mto utokao. Maji huondoka kwa kuvukizwa tu, chumvi hubaki, na ziwa limekuwa la magadi.

Jicho zima hufanana na Tanganyika: tezi ya machozi iliyo juu ya jicho hulijaza, na vitundu viwili vidogo kwenye pembe ya ndani ya kope huyapeleka machozi puani (ndiyo sababu mtu aliaye hupenga kamasi). Jicho kavu hugeuka kuwa Rukwa. Maji yakivukizwa kupita kiasi, chumvi iliyobaki hukolea, nayo huyavuta maji kutoka katika chembe hai za uso wa jicho. Chembe hizo huumia, jicho huwa jekundu, na mishipa ya fahamu hupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Ubongo huiamuru tezi imwage machozi kwa wingi. Machozi hayo ya dharura hutiririka mashavuni bila kukaa, kwa maana mafuta na ute wa kuyashikilia ni haba. Basi ndivyo jicho kavu linavyolia.

Yafaa ikumbukwe kwamba upepo si sababu pekee. Uzee, baadhi ya dawa za mafua na mzio, ugonjwa wa kisukari na baadhi ya magonjwa ya viungo huweza kupunguza machozi. Hali kadhalika makovu ya trakoma, ambayo watu huiita vikope, huharibu kope na tezi zake.

Yafaayo kufanywa nyumbani

Tiba iliyo rahisi kuliko zote ni kitambaa safi kilichochovywa katika maji ya moto kiasi na kukamuliwa. Mafuta ya tezi za Meibom yakiganda mithili ya samli wakati wa baridi hayatoki. Yakipashwa joto hulainika. Jaribu joto la kitambaa kwa upande wa ndani wa kiwiko cha mkono, kama mama ajaribuvyo maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Fumba macho, kiweke juu ya kope kwa dakika tano hadi kumi, ukikichovya tena kila kinapopoa, kwani kitambaa hupoa baada ya dakika mbili hivi. Kisha kanda kope taratibu kuelekea kwenye nywele zake, na usafishe kingo zake kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Fanya hivyo mara moja au mbili kila siku. Mwenye kutaraji nafuu kwa siku mbili atakata tamaa. Huchukua wiki kadhaa.

Pili ni kupepesa macho kwa makusudi, kope zikutane kabisa, na kuyapumzisha kila baada ya dakika ishirini za kusoma. Kitabu au simu iwekwe chini ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa zaidi ya jicho. Anayepepeta nafaka asiuelekee upepo. Anayepanda pikipiki avae miwani. Kuni zikaushwe vema, na jiko liwe na dohani au dirisha.

Yakihitajika machozi ya bandia, ambayo huuzwa katika maduka ya dawa, tone moja latosha. Jicho lina kiasi cha mikrolita 7 tu za machozi, na tone moja la chupa lapata mikrolita 40 au 50; la pili humwagika shavuni pamoja na fedha yako. Atakayeyahitaji zaidi ya mara nne au tano kwa siku aulizie yale yasiyotiwa dawa ya kuhifadhi. Chupa ya kawaida ikikwisha kufunguliwa isitumike zaidi ya mwezi mmoja, wala isitumiwe na watu wawili.

Visivyopasa kutiwa jichoni

Hapa sina budi kusema kwa ukali kidogo. Utomvu wa mnyaa, ambao hupandwa ua katika sehemu nyingi za nchi, huunguza konea. Mkojo huweza kubeba vijidudu vya kisonono, ambavyo huweza kutoboa jicho kwa muda wa siku chache. Maziwa ya mama yana sukari, chakula kizuri cha bakteria. Maji ya chumvi yaliyotengenezwa jikoni nayo hayafai, ijapokuwa machozi yana chumvi: hakuna mizani jikoni ya kupimia gramu 9 kwa lita kwa uhakika, wala chombo kisicho na vijidudu. Kumwagia jicho maji safi mengi mara moja linapoingiwa na chokaa au dawa ya shambani ni jambo jingine, tena la lazima.

Matone yenye deksamethasoni au dawa za jamii yake huondoa wekundu upesi, na kwa hiyo hupendwa. Yakitumiwa bila daktari huweza kupandisha kanieneo ndani ya jicho, kuleta mtoto wa jicho, na kuviacha vijidudu vistawi.

Jicho kavu la mtoto

Mtoto mdogo ambaye macho yake yamepoteza mng'ao, au anayejikwaa magiza yaingiapo ilhali wenzake wanaona, hana ugonjwa wa upepo. Huenda amepungukiwa vitamini A, na konea yake inaweza kulainika na kupasuka kwa siku chache, hasa akipata surua. Uchunguzi wa watoto wenye vidonda vya konea nchini Tanzania, uliochapishwa mwaka 1987, ulizitaja surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji za macho miongoni mwa sababu kubwa. Huyu apelekwe zahanati au hospitali siku ile ile. Kinga yake ni chanjo ya surua, matone ya vitamini A yatolewayo kila miezi sita kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, na chakula: majani ya maboga, mchicha, karoti, maembe, maini, na mawese mekundu. Hali kadhalika, mtu wa umri wowote apatapo maumivu makali, doa jeupe kwenye konea, kuogopa mwanga au kupungua kwa uoni, asipoteze muda kwa vitambaa vya moto.

Maswali ya darasani

1. Ukitumia takwimu zilizomo katika makala haya, tafuta uwiano wa nguvu ya uvukizi jichoni baina ya Sumbawanga na Dar es Salaam katika hewa iliyotulia, kwanza bila ya kuhesabu kimo, kisha kwa kukihesabu.

2. Weka kijiko kimoja cha maji katika kila kimoja cha visahani viwili vinavyolingana. Katika kimojawapo ongeza tone la mafuta ya alizeti. Viache dirishani, na uandike kila saa ni kipi kinachotangulia kukauka. Je, mafuta yalitanda juu ya maji yote? Kama hayakutanda, ni kitu gani katika jicho kinachoyasaidia yatande?