Kupaka Rangi Pikipiki Nyumbani: Kazi Ipi Uifanye Mwenyewe na Ipi Umwachie Fundi

Pikipiki iliyopauka kwa jua au kuchubuka kwa mikwaruzo humtamanisha mmiliki kuirudishia sura yake kwa mkono wake mwenyewe. Jambo hilo lawezekana, hata kwa mtu anayeanza na asiye na chumba maalumu cha kupulizia rangi. Hata hivyo, mlaji hana budi kutambua tangu mwanzo kwamba si kila rangi iuzwayo dukani yafaa kupuliziwa uani.

Aina mbili za rangi

Aina ya kwanza hukauka kwa kiyeyushi chake kuvukia hewani. Rangi nyingi zilizomo katika makopo madogo ya kupuliza ni za aina hii. Aina ya pili, ambayo aghalabu huandikwa 2K kwenye kopo, huchanganywa na kigumishi na hukomaa kwa mmenyuko wa kikemikali.

Rangi ya 2K ni imara na hustahimili petroli. Lakini vigumishi vyake vingi vina isosianati, kemikali ambayo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu itokanayo na kazi. Mtu ambaye mwili wake umekwisha kuathirika huweza kupatwa na shambulio kwa kuvuta hata kiasi kidogo, wala harufu haitoshi kumwonya. Barakoa ya kitambaa haimkingi. Ndiyo maana fundi aliyejiandaa vyema huipulizia katika chumba chenye kipulizia hewa nje, huku akivuta hewa safi iletwayo kwa mpira.

Rangi ya aina ya kwanza haina kigumishi hicho, lakini nyingi hulainika zikiguswa na petroli. Tone moja linalomwagika wakati wa kujaza mafuta huweza kuacha doa la kudumu. Kwa hiyo, ushauri wetu ni huu: kava za pembeni na madigadi zipake mwenyewe kwa rangi isiyo na kigumishi, tangi la mafuta mpelekee fundi mwenye vifaa stahiki.

Kumwachia fundi tangi kuna faida nyingine. Tangi lililomwagwa petroli bado hubaki na mvuke unaolipuka kwa cheche ndogo, na tangi tupu laweza kuwa hatari kuliko lililojaa.

Kabla ya kununua

Nunua kopo lililofungwa kiwandani, lenye jina la mtengenezaji, maelekezo, tahadhari na tarehe. Usikubali rangi au thina iliyomiminwa katika chupa ya soda, kwa kuwa hutajua kilichomo, na mtoto aweza kuidhania kinywaji. Praima, rangi na vanishi ya juu ziwe za mtengenezaji mmoja, ili zisikataane. Kwa sehemu za plastiki, uliza praima ya plastiki. Dai risiti, na utunze makopo hata baada ya kazi.

Iwapo unakusudia kubadili rangi kuu ya pikipiki, wasiliana kwanza na mamlaka ya usajili, kwani rangi ni miongoni mwa taarifa zinazotambulisha chombo chako.

Maandalizi

Uzuri wa rangi hutegemea zaidi maandalizi kuliko upuliziaji.

1. Fungua sehemu utakazopaka. Usipulizie zikiwa kwenye pikipiki.
2. Zioshe kwa sabuni ili kuondoa mafuta, kisha zikaushe. Grisi isipotolewa kabla ya msasa, husuguliwa ikaingia ndani.
3. Sugua kwa msasa wa maji namba 400 hadi mng'ao wote utoweke. Sugua kwa maji, si pakavu, kwani rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.
4. Pulizia praima, iache ikauke, kisha isugue taratibu kwa msasa namba 600.

Kupulizia

Chagua asubuhi tulivu isiyo na mvua wala upepo. Unyevu mwingi hewani huiachia rangi ukungu mweupe. Fanya kazi mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa, sigara na watoto. Nyunyizia sakafu maji ili vumbi litulie. Vaa glavu, miwani na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali.

Tikisa kopo kwa muda ulioandikwa, ujaribu kwanza kwenye kipande cha bati. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30, uanze kupuliza kabla ya ukingo na kumaliza baada yake. Paka tabaka nyembamba tatu au nne, ukisubiri kati yake kwa muda ulioelekezwa kwenye kopo. Anayeharakisha kwa tabaka moja nene huishia na michirizi, na hulazimika kuanza upya kwa msasa.

Rangi iliyokauka juu bado haijakomaa ndani. Iache siku kadhaa kabla ya kuiosha au kuing'arisha.

Rangi ikiharibika

Ikiwa umefuata maelekezo na rangi ikabanduka au kukunjamana, rudi dukani na risiti, kopo na picha. Usiposikilizwa, wasilisha malalamiko yako kwa maandishi katika ofisi yetu iliyo karibu nawe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini rangi ya 2K haifai kupuliziwa nyumbani?
2. Ni hatari gani iliyomo katika tangi tupu?
3. Taja vitu viwili utakavyohitaji ili malalamiko yako yasikilizwe.