Mistari Myeupe Kati ya Vigae

Mwaka huu nimepewa usimamizi wa bafu za bweni letu. Mistari ya saruji nyeupe kati ya vigae ilikuwa imegeuka kahawia, nami kwa haraka nikaisugua kwa asidi. Siku ile iling'aa. Baadaye ikaanza kumeguka, kwa maana asidi hula saruji. Kosa lilikuwa langu.

Saruji ina vitundu vidogo vinywavyo maji machafu na povu la sabuni, na penye unyevu kuvu huota.

Basi sasa twafanya hivi. Kwanza, twakoroga magadi na maji hata yawe kama uji mzito, twapaka, kisha twasugua kwa mswaki mkuukuu, si kwa waya. Pili, twasuuza kwa maji safi, maana maji machafu yakikauka uchafu hurudi. Tatu, twakausha kwa kitambaa na kufungua madirisha.

Tena jihadharini: mdogo wetu mmoja alitaka kumwaga klorini juu ya asidi, nikamshika mkono. Vikikutana hutoa hewa ya sumu iumizayo mapafu.

Mistari niliyoiharibu nimeijaza upya kwa mikono yangu.